Matateu: Mfungaji wa Msumbiji aliyepata kombe lake katika mwaka wa Mueda

Tarehe 3 Julai 1960, katika Uwanja wa Taifa wa Jamor, nje kidogo ya jiji la Lisbon, klabu ya Belenenses iliifunga Sporting mabao 2 kwa 1 na kutwaa Kombe la Ureno. Miongoni mwa waliovaa jezi ya buluu ya washindi alikuwamo mshambuliaji mweusi aliyebakiza wiki chache kutimiza miaka 33, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Jina lake kamili lilikuwa Sebastião Lucas da Fonseca, lakini ulimwengu wa kandanda ulimfahamu kwa jina moja tu: Matateu.

Siku 17 kabla ya fainali hiyo, tarehe 16 Juni, umati wa watu ulikuwa umekusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno huko Mueda, katika nyanda za juu za Cabo Delgado, bara ya pwani ya Tungue. Walikwenda kusikiliza majibu ya madai yao. Viongozi wao, akina Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wamevuka Ruvuma kutoka Tanganyika, walikamatwa mbele ya macho ya watu. Umati ulipopinga, askari walifyatua risasi. Kumbukumbu ya taifa la Msumbiji hutaja mamia ya waliouawa, nao baadhi ya watafiti wametaja idadi ndogo zaidi. Lisilobishaniwa ni kwamba damu ilimwagika, na kwamba kwa wengi wa kaskazini siku hiyo ndiyo iliyofunga mlango wa maombi na kufungua ule wa vita.

Matukio hayo mawili hayakuhusiana kwa sababu wala kwa matokeo. Hata hivyo maisha ya Matateu hayaelezeki vizuri iwapo moja litasimuliwa na jingine likaachwa, kwa kuwa dola iliyompigia makofi Jamor ndiyo iliyotuma askari Mueda. Na kombe lile la mtoano ndilo taji kubwa la pekee alilolipata katika miaka 13 ya kuitumikia Belenenses.

Mtoto wa mitaa ya matete

Matateu alizaliwa tarehe 26 Julai 1927. Lourenço Marques ya utoto wake ilikuwa miji miwili katika mmoja. Upande mmoja kulikuwa na mji wa saruji, wenye barabara pana, taa na maduka ya Wazungu. Ng'ambo yake kulikuwa na vitongoji vya nyumba za matete na mabati, walikoishi Waafrika waliobeba mizigo bandarini, waliopika majumbani mwa watu na waliofanya kazi katika reli. Mipaka hiyo haikuwa ya macho tu. Sheria iliwagawa watu katika makundi: raia, na wale walioitwa wenyeji, ambao walitakiwa kutembea na karatasi zao, walilipa kodi ya kichwa, na waliweza kuchukuliwa shokoa wakati wowote. Mwafrika aliyetaka kuvuka mstari huo ilimbidi athibitishe kwamba anazungumza Kireno, ana kazi na anaishi kwa desturi za Kireno. Kufikia mwaka 1950, waliokubaliwa kwa namna hiyo katika Msumbiji nzima hawakufika 5,000, kati ya watu zaidi ya milioni 5.

Mpira nao ulikuwa umegawanywa. Wazungu walikuwa na chama chao na ligi yao. Waafrika wa vitongojini walikuwa na Chama cha Soka cha Waafrika, chenye mashindano yake, viwanja vyake vya mchanga na mashabiki wake wenye maneno makali. Humo mlikuwa na klabu kama Mahafil Isslamo, ya Waislamu wa mjini, na João Albasini, iliyopewa jina la mwandishi wa habari aliyekuwa, pamoja na nduguye, mwasisi wa gazeti la O Brado Africano lililotetea haki za Waafrika. Katika klabu hiyo ya João Albasini ndimo Matateu alimojifunza kazi yake.

Kandanda la vitongojini lilikuwa na mtindo wake. Mchezaji aliyemzunguka mpinzani, akamrudia na kumzunguka tena, alishangiliwa kuliko yule aliyepiga pasi ya haraka na kukimbia. Matateu aliubeba mtindo huo hadi mwisho wa maisha yake ya uwanjani, akauongezea nguvu za mwili na shuti lililowatisha makipa. Baadaye alihamia klabu ya 1º de Maio, na huko ndiko Belenenses ya Lisbon ilikomwona.

Jezi yenye msalaba

Mwaka alioondoka nyumbani, 1951, ulikuwa na maana yake katika siasa. Ndio mwaka ambao serikali ya António de Oliveira Salazar ilibadilisha katiba na kulifuta neno makoloni, na kuanzia hapo Msumbiji, Angola na maeneo mengine yakaitwa majimbo ya ng'ambo ya bahari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mataifa mengine yalikuwa yameanza kuulizwa lini yataondoka Afrika, nayo Ureno ilijibu kwamba haina mahali pa kuondoka, kwa kuwa ni nchi moja iliyotawanyika katika mabara kadhaa. Hoja hiyo ilihitaji nyuso za kuithibitisha. Mchezaji mweusi aliyeshangiliwa na maelfu ya Wareno kila Jumapili alikuwa ushahidi rahisi kuuonyesha kuliko hotuba yoyote, ingawa huko alikotoka sheria ya wenyeji ilibaki vilevile kwa miaka 10 zaidi.

Klabu iliyomchukua ilikuwa na historia iliyoigusa pwani ya Waswahili, ingawa wachache waliokuwa jukwaani walilifikiria jambo hilo. Belenenses ni klabu ya Belém, kitongoji cha Lisbon kilicho kando ya mto Tagus, na ni kutoka ufuo wa Restelo, hapo hapo Belém, ambako Vasco da Gama aling'oa nanga mwezi Julai 1497. Mwaka uliofuata alitia nanga Kisiwa cha Msumbiji, kisha akapanda na pwani kuelekea kaskazini hadi Mombasa na Malindi. Katika matanga ya merikebu zile ulichorwa Msalaba wa Kristo, alama ya jumuiya ya kijeshi ya Kireno. Msalaba huo huo ndio nembo iliyo kifuani mwa jezi ya buluu ya Belenenses. Kwa watu wa Tungue, ambao wazee wao waliishi chini ya liwali wa Sultani wa Zanzibar hadi manowari za Kireno zilipoishambulia ghuba yao mwaka 1887, alama hiyo haikuwa ngeni.

Matateu alianza ligi ya Ureno mwezi Septemba 1951 dhidi ya Sporting, timu iliyokuwa imetawala soka la nchi hiyo tangu miaka ya 1940. Belenenses ilishinda mabao 4 kwa 3, mawili yakiwa ya mgeni kutoka Msumbiji. Wenyeji hawakuhitaji ushahidi mwingine. Msimu wa 1952–53 alifunga mabao 29 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Huo ndio mwaka ambao gazeti la michezo la A Bola lilianza kutoa zawadi ya Mpira wa Fedha kwa mfungaji bora, na hivyo jina la kwanza katika orodha hiyo, ambayo baadaye ingejaa majina ya Eusébio na wengine, ni la Matateu.

Mwaka huo wa 1952 aliitwa pia katika timu ya taifa ya Ureno. Hakuwa mweusi wa kwanza kuivaa jezi hiyo, kwani Guilherme Espírito Santo wa Benfica aliivaa katika miaka ya 1930. Lakini Espírito Santo alizaliwa Lisbon. Matateu alitoka moja kwa moja vitongoji vya Afrika, na njia aliyoipita ikawa barabara. Mwaka 1954 mdogo wake, Vicente Lucas, alimfuata Belenenses. Mwaka huo huo Benfica ilimchukua Mário Coluna kutoka Lourenço Marques, pamoja na kipa Alberto da Costa Pereira, mzaliwa wa Nacala, kaskazini mwa Msumbiji. Hilário da Conceição alijiunga na Sporting mwaka 1958. Eusébio alitua Lisbon mwezi Desemba 1960, Matateu akiwa tayari ameichezea Belenenses miaka tisa.

Dakika nne

Msimu wa 1954–55 ndio uliokuwa mrefu kuliko yote katika kumbukumbu za mashabiki wa Belenenses. Klabu hiyo ilikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa ligi mara moja tu, mwaka 1946, na sasa ilikuwa na mfungaji aliyemaliza msimu na mabao 32, akiwa kileleni kwa mara ya pili. Siku ya mwisho, tarehe 24 Aprili 1955, ilihitaji kuishinda Sporting katika uwanja wake wa Salésias ili iwe bingwa. Iliongoza kwa mabao 2 kwa 1 huku saa ikiyoyoma. Zikiwa zimebaki dakika nne, João Martins wa Sporting alisawazisha.

Sporting haikuwa na chochote cha kupoteza wala kupata siku hiyo. Benfica, iliyokuwa ikicheza kwingineko, ililingana na Belenenses kwa pointi na kupewa ubingwa kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana. Martins mwenyewe aliingia katika historia miezi minne na ushei baadaye, alipofunga bao la kwanza kabisa la Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Kwa watu wa Belém, hata hivyo, jina lake lilibaki la mtu aliyewanyang'anya mkate mdomoni.

Mwezi mmoja baada ya pigo hilo Matateu alikuwa katika safu ya ushambuliaji ya Ureno iliyoifunga Uingereza mabao 3 kwa 1 mjini Porto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ureno kuishinda Uingereza, miaka minane tu baada ya kufungwa na hao hao mabao 10 kwa bila katika uwanja wa Jamor. Mashabiki wa Kireno wamesimulia kwa miaka mingi kwamba waandishi wa Kiingereza walirejea kwao wakimhesabu Matateu kuwa ajabu la nane la dunia. Simulizi hiyo huenda imeongezwa chumvi njiani, kama simulizi nyingi za mpira. Lakini inaeleza alivyoonekana: mtu aliyeweza kusimama mbele ya beki yeyote wa Ulaya na kumfanya aonekane mwanafunzi.

Sifa hizo hazikumpa taji. Ligi ni mchezo wa subira na wa mifuko mizito. Benfica na Sporting zilikuwa na wachezaji wengi, mashabiki wengi na fedha nyingi kuliko Belenenses, na katika mechi 26 za msimu tofauti hizo hujitokeza polepole, mfano wa maji yanayopungua ufukweni hadi mwamba ukaonekana. Mwaka 1956 klabu ilihamia uwanja mpya wa Restelo, wenye mandhari ya kupendeza juu ya mto Tagus, na gharama ya uwanja huo ilikuwa mzigo mzito kwake kwa miaka mingi.

Msimu wa mtoano

Mashindano ya mtoano yana tabia nyingine. Anayeshindwa anafungasha virago, na timu ndogo yenye mtu mmoja wa ajabu inaweza kuota ndoto ambayo ligi haiiruhusu. Waingereza ndio walioubuni mtindo huo katika kandanda mwaka 1871, na utamu wake ni wa kiasi kwamba hata kriketi yao ya kaunti, mchezo unaojulikana kwa kwenda siku kadhaa bila haraka, ilikubali kuanzisha mtoano wa siku moja mwaka 1963. Ureno ilikuwa na wake. Mashindano ya kale yaliyoitwa Ubingwa wa Ureno, ambayo Belenenses iliyashinda mara tatu, yaligeuzwa kuwa Kombe la Ureno katika msimu wa 1938–39. Tangu hapo Belenenses ilikuwa imelitwaa kombe hilo mara moja tu, mwaka 1942.

Msimu wa 1959–60 Matateu aliingia katika mtoano wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa mataifa. Ulaya ilikuwa imeanzisha mashindano ya kwanza ya timu za taifa za bara hilo, ambayo leo yanajulikana kama Euro, na wakati huo yalichezwa kwa mtoano wa nyumbani na ugenini tangu mwanzo hadi nusu fainali. Mwezi Juni 1959 Ureno ilikwenda Berlin kukabiliana na Ujerumani Mashariki na kushinda 2 kwa bila. Bao la kwanza lilifungwa na Matateu na la pili na Coluna. Mabao yote mawili ya Ureno katika mchezo wake wa kwanza wa mashindano hayo, basi, yalitoka kwa watoto wa Lourenço Marques. Ureno ilishinda tena marudiano mjini Porto, 3 kwa 2, na Coluna akafunga mawili.

Katika robo fainali ilipangwa na Yugoslavia. Tarehe 8 Mei 1960, mjini Lisbon, Ureno ilishinda 2 kwa 1, na Matateu alikuwa mmoja wa wafungaji. Wiki mbili baadaye, Belgrade, mambo yaligeuka. Yugoslavia ilishinda 5 kwa 1 na safari ikakoma hapo. Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho wa Matateu katika timu ya taifa. Alikuwa ameichezea mara 27 na kuifungia mabao 13.

Aliporudi kutoka timu ya taifa, mtu wa miaka 32 ambaye magazeti yalishaanza kuhesabu siku zake, kilichobaki kilikuwa kombe. Ubingwa wa ligi ulikuwa umekwenda Benfica. Kocha wa Belenenses wakati huo alikuwa Mbrazili Otto Glória, aliyekuwa ametoka Benfica mwaka uliotangulia na ambaye baadaye angeiongoza Ureno katika Kombe la Dunia la 1966. Glória alikuwa mtu wa nidhamu na mpangilio, na Matateu hakusifika kwa upendo wa mazoezi. Alijulikana kwa ucheshi, kwa ukarimu uliomaliza mshahara kabla ya mwezi, na kwa kupenda bia kuliko daktari yeyote angependekeza. Walivumiliana. Nyuma yao walikuwamo mdogo wake Vicente, beki mtulivu asiyecheza rafu, na kipa José Pereira.

Fainali ilimkutanisha Matateu na Sporting kwa mara nyingine. Ndiyo timu aliyoifunga siku yake ya kwanza katika ligi mwaka 1951, na ndiyo iliyomzuia kuwa bingwa kwa dakika nne mwaka 1955. Jamor ni uwanja wa mawe meupe uliojengwa bondeni kati ya miti, uliofunguliwa mwaka 1944 katika kilele cha utawala wa Salazar, na fainali ya kombe ni sikukuu yake ya kila mwaka. Familia hufika asubuhi na vyakula vyao, huchoma nyama na samaki chini ya miti na kusubiri saa ya mchezo. Belenenses ilishinda 2 kwa 1, na safari hii hapakuwa na Martins wa dakika za mwisho.

Habari ambazo hazikuchapishwa

Kesho yake magazeti ya Lisbon yaliandika kuhusu kombe. Kuhusu Mueda hayakuwa yameandika. Kila ukurasa ulipita kwanza mikononi mwa wadhibiti wa serikali na kalamu zao za buluu, na habari ya askari kuwapiga risasi watu waliodai haki katika jimbo la ng'ambo isingeweza kupita. Kaskazini mwa Msumbiji habari hiyo ilisafiri kwa njia ilizozijua: kwa miguu hadi Ruvuma, kwa mitumbwi hadi Mtwara na Lindi, na katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako Wamakonde wengi walikuwa wamekimbilia kutafuta ujira na kuepuka shokoa na kilimo cha lazima cha pamba. Tanganyika yenyewe ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na nusu kupata uhuru.

Mwaka ule wa 1960 Ureno ilikuwa ikiadhimisha miaka 500 tangu kifo cha Mwanamfalme Henrique, aliyezituma merikebu za Kireno katika pwani ya Afrika Magharibi. Mwezi Agosti, majuma machache baada ya fainali, ulizinduliwa huko Belém mnara mkubwa wa mawe wenye umbo la merikebu, na juu yake mabaharia, mapadri na wachora ramani wakiutazama mto. Mnara huo uko karibu na Restelo. Mtu aliyetoka kumshangilia Matateu uwanjani angeweza kuteremka kwa miguu hadi mtoni na kuikuta dola ikijisifu kwa jiwe.

Ni kosa kumhukumu Matateu kwa hilo. Alikuwa mchezaji, na kazi aliyopewa aliifanya kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake. Lakini ni kosa vilevile kuisimulia hadithi yake kana kwamba Ureno ilimpokea kwa mikono miwili, kwa maana Mwafrika mwenzake wa Cabo Delgado asiyejua kufunga mabao alipokelewa na sipai mwenye kiboko. Sheria ya wenyeji ilifutwa mwaka 1961, pamoja na kilimo cha lazima cha pamba, baada ya vita kuanza Angola. Kwa kaskazini mwa Msumbiji hatua hiyo ilikuja imechelewa. Tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo ilianza mapambano ya silaha kwa shambulio la Chai, huko huko Cabo Delgado.

Baada ya shangwe

Mwaka huo wa 1964 Matateu aliondoka Belenenses. Alikuwa ameifungia mabao zaidi ya 200 katika ligi kuu. Alijiunga na Atlético, klabu jirani ya Lisbon, kisha akateremka katika klabu ndogo ndogo, akicheza kwa miaka mingi baada ya umri ambao wenzake walishatundika viatu.

Vicente alipata utukufu wake mwaka 1966 nchini Uingereza, chini ya kocha wao wa zamani Otto Glória. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba Pelé wakati Ureno ilipoitoa Brazil kwa mabao 3 kwa 1 katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Baadaye mwaka huo huo ajali ya gari iliharibu jicho lake moja na kumwondoa uwanjani moja kwa moja. Katika Kombe hilo la Dunia Ureno ilimaliza nafasi ya tatu, Eusébio akiwa mfungaji bora kwa mabao 9, na dunia ikaanza kuhesabu historia ya wachezaji wa Msumbiji kuanzia hapo. Picha za Eusébio zilirushwa na televisheni kote duniani. Mabao mengi ya Matateu yalionekana na waliokuwapo uwanjani tu, na wengine waliyasikia redioni.

Matateu hakurudi kuishi Msumbiji. Alihamia Kanada, ambako jumuiya kubwa ya Wareno ilikuwa ikikua, akaichezea klabu yao ya First Portuguese ya Toronto. Utawala aliouvalia jezi ulianguka Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na mwaka uliofuata mji wake wa kuzaliwa ukaitwa Maputo. Tarehe 16 Juni 1980, katika kutimiza miaka 20 ya Mueda, serikali ya Msumbiji iliizindua sarafu yake, metikali.

Belenenses haikutwaa tena Kombe la Ureno hadi mwaka 1989, ilipoifunga Benfica mabao 2 kwa 1 katika uwanja ule ule wa Jamor. Matateu alikuwa na umri wa miaka 61 wakati huo. Alifariki dunia tarehe 27 Januari 2000 katika mji wa Victoria, magharibi ya mbali ya Kanada, kando ya bahari ya Pasifiki, akiwa na miaka 72.